Kulinganisha kuvu ya msituni na msonobari: nini kipimwe na nini

Kosa kubwa katika kazi hii hutokea kabla mtu hajaingia msituni: anaamua kuulinganisha uyoga na mti. Uyoga una kimo cha sentimita 10, mti una mita 20. Uyoga unadumu siku chache, mti unadumu karne mbili. Daftari linajaa, na hakuna alichojifunza. Uyoga si mwili wa kuvu. Ni kiungo cha uzazi kinachochomoza, kinamwaga spora (chembe ndogo sana za uzazi), kisha kinaoza. Mwili wenyewe uko ardhini: ni mtandao wa nyuzi nyembamba uitwao miselia, nao huendelea kuishi hata uyoga ukishatoweka.

Kwa hiyo jozi kuu za kulinganisha ni mbili. Uyoga hulinganishwa na koni, yaani kiungo chenye magamba kinachobeba mbegu za msonobari. Mtandao wa nyuzi hulinganishwa na mti mzima, yaani mizizi, shina, matawi na majani yake. Ukishika hilo, vipimo vyote vinavyofuata vinakaa mahali pake. Kuna pia jozi ya tatu ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye utajiri kuliko zote: ncha za mizizi ambamo viumbe hawa wawili wameungana kiasi kwamba huwezi tena kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Kuchagua jozi

Chagua kuvu na mti ambavyo kweli vinaishi pamoja. Jozi nzuri ya kuanzia ni Suillus luteus na Pinus sylvestris. Zote mbili ni za asili ya Ulaya na Asia, na Suillus luteus imeifuata misonobari karibu kila mahali ilikopandwa, hadi sehemu za kusini mwa ikweta ambako misonobari haikuwapo kiasili. Kama kwako hakuna Pinus sylvestris, tumia msonobari uliopo na aina yoyote ya Suillus inayoota chini yake. Hatua ni zilezile. Vipimo tu vitabadilika.

Uyoga wa Suillus luteus una kofia ya kahawia yenye upana wa sentimita 5 hadi 12, inayoteleza kwa ute ikilowa. Chini ya kofia hakuna vitabaka kama vya kurasa za kitabu. Kuna sponji ya manjano yenye vitundu vidogo. Mguu una pete nyeupe ambayo baadaye huingia rangi ya zambarau iliyokolea, na juu ya pete kuna vidoa vidogo kama vya kalamu. Kukosekana kwa pete kunaonyesha umepata aina nyingine, kwa mfano Suillus granulatus. Si hasara, mradi uandike jina sahihi. Mwongozo huu ni wa kulinganisha tu. Usile uyoga wowote uliotambuliwa kwa maelezo haya.

Pinus sylvestris hutambulika kwa sindano zinazoota mbili mbili, zenye urefu wa sentimita 3 hadi 7, zilizojisokota kidogo, rangi ya kijani inayoelekea buluu. Sehemu ya juu ya shina lake ina gome jembamba la rangi ya chungwa linalobanduka, wakati chini gome ni nene na lenye nyufa. Hesabu sindano katika vifungo 10 kutoka matawi tofauti. Kifungo kimoja hakitoshi, kwa sababu msonobari mmoja mmoja hutoa vifungo visivyo vya kawaida.

Wakati mzuri wa kwenda ni siku 5 hadi 14 baada ya mvua ya kutosha, ardhi ikiwa na unyevu na haijaganda. Koni zipo mwaka mzima, ila uyoga haukusubiri.

Beba kisu kidogo, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, utepe wa kupimia, mifuko ya karatasi (ya plastiki huufanya uyoga utoe maji na kuoza kabla hujafika), chupa ya maji, rula na penseli. Nyumbani utahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.01, chekecheo lenye matundu ya milimita 0.5 hadi 1, bakuli jeupe, spiriti, iodini na tochi ya mwanga wa urujuanimno. Ukipata hadubini inayokuza mara 400, kazi itaingia ndani zaidi.

Uyoga na koni

Anza na chapa ya spora. Chukua kofia iliyokomaa lakini bado ngumu, kata mguu karibu kabisa na sponji, uilaze sponji ikitazama chini juu ya kipande cha kioo. Karatasi haifai kwa Suillus kwa sababu ute wake huilowesha na kuibandua. Menya kwanza ngozi yenye ute. Kwa aina hii hutoka kirahisi kwa vidole. Funika kwa bakuli ili upepo usipite, acha saa 6 hadi 12. Ukiinua kofia utakuta unga wa rangi ya udongo wa mfinyanzi umepangika katika alama za vitundu, kitundu kwa kitundu.

Usipoona kitu, tazama kwanza sponji. Kama bado imefunikwa na utando mweupe, uyoga ni mchanga mno. Kama imelainika na ina vijia vya mabuu, umechelewa. Kofia iliyokauka inaweza kufufuliwa kwa tone moja la maji juu yake, si chini. Doa la majimaji ya manjano lisilo na unga si chapa ya spora, ni utomvu wa kofia.

Sasa koni. Kwenye tawi moja la Pinus sylvestris utakuta koni za vizazi tofauti: ndogo za mwaka huu kwenye ncha, za kijani za mwaka wa pili nyuma kidogo, na kuukuu zilizokwisha kufunguka. Unayoitaka ni ya mwaka wa pili iliyoanza kugeuka kahawia lakini bado imefunga. Iweke mahali pakavu penye joto la nyuzi za Selsiasi 40 hadi 50 kwa siku moja au mbili. Magamba yatafunguka kwa mlio mdogo wa kukatika. Igonge juu ya karatasi na mbegu zitaanguka, kila moja na bawa lake. Joto likizidi nyuzi 60 mbegu huanza kufa, jambo litakalokuumiza ukitaka kuziotesha baadaye. Koni ambayo haifunguki kabisa huenda ilichumwa kabla ya kukomaa. Iloweshe usiku kucha, kisha ikaushe tena.

Weka mbele yako chapa ya spora, rundo la mbegu na, kama ni msimu wake, chavua ya koni dume (zile ndogo za manjano zinazotoa vumbi). Hapa inabidi uwe makini, kwa kuwa spora haina mwenzake mmoja kwenye msonobari. Kwa kazi ya kusambaa inafanana na mbegu. Kwa kilichomo ndani inafanana na chavua, maana spora na chavua zote zina seti moja tu ya kromosomu. Mbegu ni kitu kikubwa zaidi: ina kiinitete chenye seti mbili, akiba ya chakula iliyotokana na tishu ya mama yenye seti moja, na ganda juu. Ukiandika "spora ni mbegu ya kuvu" umefuta tofauti muhimu kuliko zote. Spora inaondoka karibu bila akiba, wakati mbegu ya msonobari inaondoka na chakula cha wiki kadhaa.

Pima tofauti hiyo. Mbegu 1,000 za Pinus sylvestris zina uzito wa gramu 5 hadi 7 hivi. Hesabu mbegu 50 zilizojaa, zipime, zidisha kwa 20. Mbegu tupu huelea kwenye spiriti na zilizojaa huzama, kwa hiyo chambua kwanza, na usioteshe zilizokaa humo muda mrefu. Spora ya Suillus luteus ina urefu wa mikromita 7 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na upana wa kama 3. Mizani ya kawaida haiioni. Chini ya hadubini utaona vijiti laini vyenye ncha butu, rangi ya asali iliyofifia. Chavua ya msonobari ikiwekwa pembeni huonekana kubwa mara kadhaa, na ina vifuko viwili vya hewa pande zake.

Mwendo hewani nao hupimika kwa upande mmoja. Dondosha mbegu yenye bawa kutoka kimo cha mita 2, mara 20, ndani ya chumba kisicho na upepo, upime muda kwa saa. Kisha toa mabawa na urudie. Bila bawa mbegu huanguka haraka zaidi, na hapo ndipo kazi ya bawa inapoonekana. Spora yenyewe, kwa ukubwa wake, hushuka kwa kasi inayokaribia milimita 1 kwa sekunde kwenye hewa tulivu. Hilo halimaanishi kila spora inasafiri mbali. Nyingi mno hutua karibu na uyoga ulikoota, na chache zinazobebwa na upepo ndizo zinazokwenda kuanza mtandao mpya.

Muda wa kazi unatofautiana vilevile. Kati ya chavua kuifikia koni na yai kurutubishwa hupita karibu mwaka mzima, na koni hukomaa mwaka wa pili. Uyoga huinuka, hufunguka na kuoza katika siku chache. Lakini usiseme kuvu inazaa haraka kuliko mti. Kilicho haraka ni kuchomoza tu. Matayarisho ya mtandao chini ya ardhi huwa yametangulia kwa muda mrefu.

Mwili na mwili

Mti ni rahisi. Kwa kimo, chukua kijiti ukishike wima mbele yako mkono ukiwa umenyooka, urefu wa kijiti juu ya ngumi ulingane na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Rudi nyuma hadi ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ya kijiti ilingane na kilele. Umbali kati yako na mti ndio kimo chake. Kwenye mteremko, tembea kando ya mlima, si juu wala chini. Mti ulioinama upime kutoka pande mbili uchukue wastani. Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini: zungusha utepe, gawa mzingo kwa 3.14.

Umri wa Pinus sylvestris mchanga husomeka kwenye matawi. Kila mwaka huongeza duara moja la matawi kuzunguka shina. Hesabu maduara kutoka kilele hadi chini, pamoja na makovu ya yaliyokatika, kisha ongeza miaka 2 hadi 4 ya utoto ambayo haikuacha alama. Njia hii inakuangusha kabisa kwa misonobari inayotoa maduara zaidi ya moja kwa mwaka, kama Pinus taeda, Pinus radiata na Pinus patula. Na pale pasipo na majira ya baridi au ukame wa wazi, hata pete za mbao zinaweza kukosekana au kuongezeka, kwa hiyo usiamini hesabu bila rekodi ya kupandwa.

Kuvu haina njia kama hiyo. Huwezi kuona mtandao ulipoishia kwa macho, na uyoga kumi ulioota kwenye duara unaweza kuwa wa mwili mmoja au wa miili mitano. Jibu hupatikana kwa kulinganisha DNA ya kila uyoga. Kuna jaribio la bei nafuu kwa wenye maabara ndogo: vipande vya nyama ya uyoga miwili hukuzwa kwenye sahani moja ya agari (jeli ya kukuzia kuvu), na ikiwa ni miili tofauti, mara nyingi huacha mpaka mwembamba katikati badala ya kuungana. Nyumbani, lililo la kweli ni kuchora ramani. Tia alama kila uyoga kwenye eneo la mita 10 kwa 10, pima umbali wake hadi mti ulio karibu, na urudie kila msimu. Andika "mahali uyoga ulipoonekana". Usiandike "ukubwa wa kuvu".

Mifano iliyopimwa kwa DNA inaonyesha kwa nini tahadhari hiyo inahitajika. Katika milima ya mashariki mwa Oregon, Marekani, mtandao mmoja wa Armillaria ostoyae uliotangazwa mwaka 2003 umeenea kwenye hekta 965, na umri wake ulikadiriwa kati ya miaka 1,900 na 8,650. Upana wa makadirio hayo wenyewe unaeleza jinsi ilivyo vigumu kuisomea kuvu umri. Upande wa miti ya koni, Pinus longaeva ya milima ya White Mountains, California, imehesabiwa karibu pete 4,800, na hesabu ya pete haina shaka pana namna hiyo. Aliyezoea kusema kuvu ni dogo na mti ni mkubwa atafute kwanza jibu la hekta 965.

Kwa ujenzi wa mwili kuna ufanano ambao watu hawautarajii: wote wawili hukua kwa ncha. Uzi wa kuvu hurefuka kwenye ncha yake tu, na chipukizi na mzizi wa msonobari vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba msonobari una pia kambiamu, tabaka chini ya gome linalonenepesha shina mwaka hadi mwaka. Uzi wa kuvu haunenepi hivyo. Ukihitaji nguvu hujikusanya na nyuzi nyingine kuwa kamba. Kuta za nyuzi zina kitini, kilekile kilichomo kwenye gamba la wadudu. Kuta za mbao zina selulosi iliyokazwa na lignini. Ndani ya kila seli, msonobari una kiini kimoja chenye seti mbili za kromosomu, jumla 24. Nyuzi zinazojenga uyoga wa Suillus zina viini viwili katika kila seli, kimoja kutoka kwa kila mzazi, vikiishi bega kwa bega bila kuungana hadi dakika ya kutengeneza spora.

Maji yanapimika jikoni. Pima gramu 100 za kofia mbichi zilizomenywa, zikate vipande vya nusu sentimita, zikaushe kwa joto la nyuzi 60 hadi uzito usibadilike kati ya vipimo viwili vya saa 2. Hubaki gramu 5 hadi 10. Gramu 100 za mbao mbichi za pembeni mwa shina huacha karibu nusu yake. Ukipata gramu 20 za uyoga, haujakauka bado. Tabaka la nje lililotangulia kukauka huwa limeziba unyevu ndani.

Nani anajitengenezea chakula

Katakata sindano za msonobari vipande vidogo, ziponde, uziloweke kwenye spiriti kwa saa moja ndani ya chupa iliyowekwa kwenye maji ya moto yaliyoondolewa jikoni. Usitumie moto wa wazi, mvuke wa spiriti hulipuka. Fanya hivyohivyo kwa nyama ya uyoga kwenye chupa nyingine. Sindano zitatoa maji ya kijani, uyoga utatoa manjano. Ili rangi ya macho isikudanganye, zima taa na umulike kwa tochi ya urujuanimno: maji ya sindano yatawaka wekundu wa damu. Huo ni umbijani, rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Maji ya uyoga hayatatoa wekundu huo. Yakitoa kidogo, kofia ilikuwa na mwani au vipande vya majani juu yake. Rudia kwa nyama ya ndani.

Akiba hujaribiwa kwa iodini. Kata kipande chembamba cha kijiti kibichi cha msonobari, tia tone, na palipo na wanga patageuka buluu iliyokolea, hasa kwenye mistari inayotoka katikati kwenda nje. Kuvu haiweki wanga. Huweka glikojeni, kama wanyama, na iodini huipa wekundu wa kahawia uliofifia. Jaribio hili lina mitego miwili. Majira ya baridi kali miti ya koni hugeuza wanga wake kuwa sukari, na kijiti kitaonekana kama hakina kitu. Na spora za baadhi ya kuvu, kama za jenasi Russula, hugeuka buluu-nyeusi kwa iodini ingawa si wanga wa mimea. Tumia kipande cha kiazi kama kipimo cha kuthibitisha kwamba iodini yako bado ni nzima.

Chini ya ardhi

Hapa usiharakishe. Tafuta uyoga ulioota mita 1 hadi 3 kutoka kwenye shina. Ondoa taratibu sindano kavu, kisha tabaka jeusi lililooza. Mara nyingi utaona kamba nyeupe nyembamba zikitoka kitako cha mguu. Zifuate kwa ncha ya kisu. Kata kinara cha udongo, yaani kipande kilichosimama wima, chenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10 hadi 15, uirudishe mahali pake ile sehemu usiyoihitaji, ufunike kama ulivyokuta. Vinara viwili kwa mti vinatosha.

Nyumbani loweka kinara kwenye maji baridi kwa saa 2, kisha uoshe polepole juu ya chekecheo. Bomba la maji ya kasi huvunja kilekile unachokitafuta. Hamishia mizizi kwenye bakuli jeupe lenye maji, uitazame kwa lenzi ikiwa imezama; ikitolewa nje ya maji hujikunja na kushikana.

Utaona mzizi mwembamba wa kahawia, na pembeni mwake vijiti vifupi vya milimita 2 hadi 5, vinene kuliko mzizi uliovizaa, vimegawanyika mara mbili kama panda ya manati. Panda nyingine zimegawanyika tena na tena hadi zinafanya kichaka kama matumbawe. Ngozi yake ni laini, nyeupe au kahawia hafifu, haina vinyweleo, na kwenye kingo kuna nyuzi zinazoelea kama pamba. Hiyo ni mikoriza, yaani ncha ya mzizi iliyoungana na kuvu. Kile kinachoonekana nje ni koti la kuvu lililoufunika mzizi. Ndani, nyuzi zimepenya kati ya seli bila kuingia ndani yake, zikafanya wavu unaobeba jina la Theodor Hartig, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani. Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alieleza ushirika huu mwaka 1885.

Ncha ambazo hazina kuvu ni nyembamba, hazina panda nyingi, na zina vinyweleo. Ncha zilizokufa ni nyeusi, zimesinyaa, na koti lake hubanduka ukilivuta kwa sindano. Usizichanganye na mikoriza ya kuvu Cenococcum geophilum, ambayo ni nyeusi tititi lakini nzima, na imezungukwa na nyuzi nyeusi ngumu zilizosimama kama ndevu. Na jambo la kusisitiza: uyoga kuwa juu ya mzizi hakuthibitishi kwamba koti hilo ni la uyoga huo. Msonobari mmoja huwa na aina nyingi za kuvu kwenye mizizi yake kwa wakati mmoja. Kamba uliyoifuata bila kukatika kutoka mguu hadi ncha ni ushahidi mzuri. Ujirani peke yake si ushahidi.

Kinachopita kwenye makutano hayo kilionyeshwa na Elias Melin na Harald Nilsson wa Sweden. Mwaka 1950 waliweka fosforasi yenye mionzi upande wa nyuzi na kuikuta ndani ya miche ya msonobari; mwaka 1957 walionyesha kaboni ikitoka kwenye majani kwenda kwa kuvu. Makadirio mengi husema mti hutoa kama asilimia 10 hadi 20 ya sukari yake kwa washirika hawa. Nyuzi zina kipenyo cha mikromita chache tu, kwa hiyo huingia kwenye nafasi za udongo ambazo mzizi hauwezi kuzifikia.

Jaribio la miche

Anayetaka kulinganisha msonobari wenye kuvu na usio nayo atenge miezi 5 hadi 6. Changanya mchanga na peti (mboji ya kinamasi) nusu kwa nusu, pH (kipimo cha asidi) ikiwa 5 hadi 5.5, uupashe kwa mvuke hadi nyuzi 80 kwa dakika 30. Loweka mbegu saa 24, zipande kina cha nusu sentimita, chungu kimoja kimoja, angalau vyungu 20 kwa kila kundi. Huota ndani ya wiki 2 hadi 3. Maji mengi wakati huu huleta ugonjwa wa kunyauka shingo: mche huanguka ukiwa bado kijani. Acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Miche ikifikisha wiki 8, tengeneza maji ya spora:

1. Chukua sponji tu ya kofia 2 au 3 zilizokomaa, bila ngozi wala mguu.
2. Saga kwenye lita 1 ya maji yasiyo na klorini. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza.
3. Chuja kwa kitambaa, ugawe mara mbili. Nusu moja ichemshe dakika 30 na uipoze.
4. Mimina mililita 20 kwenye kila chungu: kundi la kwanza lipate maji mabichi, la pili yaliyochemshwa. Rudia baada ya wiki 2.

Kuchemsha huko si mapambo. Ukilipa kundi la pili maji matupu, hutajua kama tofauti imeletwa na kuvu au na virutubisho vilivyokuwamo kwenye uyoga uliosagwa. Weka makundi umbali wa mita 2, mwagilia lisilo na kuvu kwanza, na usitumie chombo kimoja. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki 2. Fosforasi na nitrojeni zikiwa nyingi, mche hupunguza ushirika na mizizi haivalishwi koti.

Mwishoni osha mizizi, hesabu angalau ncha 200 kwa mche, gawa zenye koti kwa jumla uzidishe kwa 100. Kausha majani na mizizi kando kando kwa nyuzi 70 kwa saa 48, upime. Miche isiyo na kuvu kwenye udongo maskini hudumaa, sindano zake zikawa njano au zambarau kwa njaa ya fosforasi. Ndivyo ilivyotokea Puerto Rico, ambako misonobari iliyopandwa ilishindwa hadi udongo wenye kuvu ulipoletwa katika miaka ya 1950.

Makundi yakitoka sawa, rudi kwenye mizizi kabla ya kuandika lolote. Ikiwa kundi lililopewa maji yaliyochemshwa nalo lina panda zenye koti, limeambukizwa, mara nyingi na Thelephora terrestris, inayopenda vitalu na kutoa feni za kahawia kwenye midomo ya vyungu. Ikiwa kundi la kwanza halina koti, spora hazikuota: sponji ilikuwa changa, au mbolea ilizidi. Na ikiwa koti lipo upande mmoja tu lakini miche yake ni midogo kuliko mingine, udongo ulikuwa na rutuba ya kutosha kiasi kwamba mche ulilipa sukari bila kupata zaidi ya ambacho ungejichukulia wenyewe. Matokeo hayo ni halali. Yaandike pamoja na kiasi cha mbolea uliyotumia, kisha rudia jaribio bila mbolea kabisa.